Kwa nini saini yako ya picha inatoka na ukungu

Saini tunayoizungumzia hapa si ile ya kalamu. Ni ule utepe mdogo wa picha unaokaa chini ya kila ujumbe unaoutuma: jina, nembo, pengine sura yako na rangi za kampuni. Ni kazi inayoonekana ndogo, kwa hiyo wengi hujitengenezea wenyewe, kisha hutujia sisi wabunifu na lalamiko lile lile: "Nilipokuwa naitengeneza ilikuwa safi kabisa. Nikishaiweka, maandishi hayasomeki."

Tukifungua faili, mara nyingi tunakuta picha ilizaliwa kubwa mno. Mtu anaanza ukurasa mpya kwenye Photoshop au GIMP, programu za kuhariri picha, anaulizwa ukubwa, anachagua A4 kwa sababu ndio anaoujua. Karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa inchi (pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha) ni pikseli 2480 kwa 3508. Anailaza, anapanga jina, cheo, simu, anwani na kaulimbiu, nafasi ni tele, anaridhika. Halafu picha hiyo inaminywa ienee kwenye upana wa pikseli 500. Imepungua mara saba. Herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 40 sasa ina pikseli 6 hivi, na kwa pikseli 6 hata jicho la kijana halitofautishi "e" na "c". Hakuna kitufe cha kuiokoa.

Kwa hiyo sisi huanza na ukubwa ambao picha itaonekana nao, tuseme pikseli 500 kwa 150, na tunaitazama bila kuivuta karibu. Kuvuta karibu ndiko kunakodanganya. Ukifanya kazi kwa asilimia 400 utapanga vitu ambavyo hakuna mtu atakayeviona. Ile namba ya pikseli kwa inchi inayowasumbua wengi inahusu zaidi uchapishaji. Kwenye skrini zinahesabiwa pikseli zenyewe. Jambo moja tu la kuongeza: skrini za simu nyingi za sasa zimesongamana pikseli, hivyo kama pale unapoiweka saini panakuruhusu kutaja upana wa kuonyeshwa, tengeneza 1000 kwa 300 na uamuru ionyeshwe kwa nusu yake. Kama hapakuruhusu, baki na ule wa kwanza.

Chanzo cha pili ni aina ya faili. JPEG, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1992, iliundwa kwa ajili ya picha za kamera. Inaigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kipande inatupa maelezo ambayo jicho haliyakosi sana. Kwenye uso wa mtu au anga, ambako rangi hubadilika polepole, hutambui kitu. Kwenye herufi, ambako weusi unakutana na weupe ghafla, yanatokea yale madoadoa kama vumbi kuzunguka maandishi. Maandishi mekundu juu ya weusi huumia kuliko yote, maana JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa umakini mdogo kuliko mwanga. Na kila ukiifungua, kuibadilisha na kuihifadhi tena kama JPEG, inatupa tena.

PNG, aina nyingine ya faili la picha, haitupi pikseli hata moja, na inaweza kuwa na sehemu zinazopitisha mwanga nusunusu. Kwa saini yenye maandishi na nembo, chagua hiyo. GIF ya 1987, yenye umri mkubwa kuliko wabunifu wetu wote wawili, ina rangi 256 tu, na pikseli yake ama inaonekana ama haionekani, hakuna katikati; ndiyo maana nembo ya mviringo iliyohifadhiwa kwa GIF hutoka na kingo zenye meno. Inafaa tu ukitaka kitu kinachochezacheza, na kwa maoni yetu saini haipaswi kuchezacheza.

Kwenye kutengeneza kwenyewe, weka kila kitu kwenye tabaka lake, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: usuli (yaani sehemu ya nyuma ya picha), sura, nembo, maandishi. Ukitaka kuondoa sehemu ya picha, usiifute kwa kifutio. Programu hizi zina njia ya kuificha sehemu ya tabaka na kuirudisha ukibadili mawazo. Punguza picha ya sura kwanza, ndipo uongeze ukali kidogo, si kinyume chake. Maandishi yaache yakiwa maandishi hadi mwisho, na epuka fonti nyembamba au za mwandiko wa mkono, zinavunjika zikiwa ndogo. Kwenye GIMP kumbuka kwamba kuhifadhi kunakupa faili la XCF, lenye matabaka yote. Litunze hilo, kisha toa nakala ya PNG kwa amri ya kusafirisha. Tunao wateja walioweka XCF yenyewe kwenye saini na kushangaa kwa nini haionekani.

Usuli usioonekana ni mzuri hadi mpokeaji awashe mandhari ya giza. Jina lililoandikwa kwa weusi linamezwa, inabaki nembo peke yake ikielea. Jaribu saini yako juu ya nyeupe na juu ya nyeusi kabla ya kuitumia. Ikipotea, ipe usuli wa rangi moja, au zungushia herufi mstari mwembamba wa rangi nyepesi. Hapo pia ndipo unapojitokeza ule utando mweupe pembezoni mwa nembo iliyokatwa kutoka kwenye karatasi nyeupe: pikseli za ukingoni zilikuwa tayari zimechanganyika na weupe. Unaweza kuupunguza kwa kula ukingo pikseli moja kuingia ndani, lakini nembo ya asili isiyo na usuli inamaliza tatizo kabisa.

Kuna ombi moja ambalo huwa tunalibishia: mteja anataka namba ya simu, barua pepe na anwani ziwe ndani ya picha. Namba iliyo ndani ya picha haibonyezeki, haikopiki, na asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Isitoshe, programu nyingi za barua pepe huzuia picha zinazotoka intaneti hadi mpokeaji aruhusu, kwa hiyo mtu wa kwanza unayemwandikia anaweza kuona kisanduku kitupu. Picha ibebe nembo na sura. Mawasiliano yaandikwe chini yake kwa maandishi ya kawaida.

Ukitaka tukutengenezee sisi, tuambie kwanza saini itakaa wapi na kikomo cha ukubwa wa faili kinachokubaliwa hapo. Nembo tutumie faili la asili; kama ulitengenezewa na mtu, mwombe lile lenye matabaka, si picha ya skrini. Na usiipitishe WhatsApp kama picha, itabanwa njiani. Iambatishe kama hati.