Pujini nayo yafaa kuwa mchezo wa kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri vijana wetu wanaosomea kompyuta. Mwaka 2003 kampuni ya Kifilipino, Anino Entertainment, ilitoa Anito: Defend a Land Enraged, mchezo wa kompyuta ambao mchezaji huvaa uhusika wa shujaa katika ulimwengu uliochotwa kwenye ngano za kwao. Ngano hizo ni hazina: wamo babaylan, waganga waliosema na mizimu kabla ya Wahispania kutia nanga, na Bakunawa, joka limezalo mwezi, ambalo watu wa Visaya, visiwa vya katikati ya Ufilipino, walilitisha kwa kugonga vyungu ili liuteme.

Sisi Pemba tunayo Pujini, ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa Pemba wa zamani, ambako wazee husimulia kwamba kisima kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane, mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenziwe akishuka ngazi hadi majini. Kisima hicho peke yake chatosha mchezo mzima! Badala yake watoto wetu (na baadhi ya baba zao, nawajua) wanakesha wakipigana katika miji ya wenzetu.

Wapo watakaosema huku ni kurudisha ushirikina. Hofu yao naiheshimu, ila bibi zetu walitusimulia mazimwi usiku na alfajiri wakatuamsha kuswali. Naiomba wizara inayosimamia utamaduni iwakutanishe wazee wa Pujini na watengenezaji wa programu, wasimulizi wakiwa bado hai.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba