Vijana wa Kusini wasiojua kuchora nao wanaweza kuandika katuni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie kazi ambayo vijana wengi wa Mtwara na Lindi huikimbia kabla ya kuijaribu, yaani kuandika katuni za televisheni. Ukimtajia kijana wa Mikindani au Nachingwea neno katuni, atakujibu upesi, "Mimi sijui kuchora." Mwandishi wa katuni hachori. Anaandika skripti, yaani maandishi ya vitendo na maneno ya wahusika, na kabla skripti haijakamilika mchoraji hana cha kuchora na mwigizaji hana cha kurekodi.

Kazi yenyewe huenda kwa ngazi. Unaanza na wazo la aya moja au mbili: mhusika anataka nini, anazuiwa na nini, na mambo yanaishaje. Likikubaliwa, unaandika muhtasari wa kurasa 2 hadi 4, onyesho moja baada ya jingine, bila mazungumzo. Ndipo inakuja rasimu ya kwanza, maoni ya mhariri wa skripti, rasimu ya pili na usafishaji. Kipindi cha dakika 11 hula kurasa 12 hadi 16 hivi. Wanaoanza hupenda kuruka muhtasari wakakimbilia mazungumzo, na hadithi inawakwamia katikati. Kosa ambalo kwenye muhtasari lingefutwa kwa mistari miwili, kwenye rasimu linaondoka na kurasa tano.

Skripti ikipita, kwa kawaida sauti hurekodiwa kabla ya wahuishaji, yaani wanaozipa picha mwendo, kuanza kazi, ili midomo ya wahusika ifuate sauti. Sasa piga hesabu: dakika 11, kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 16,500. Hata kama picha nyingi hurudiwa, dakika moja iliyozidi ni mzigo mkubwa kwa studio. Kwa hiyo soma skripti yako kwa sauti, kwa mwendo wa kuigiza, saa ya simu ikihesabu, na uviachie nafasi vitendo visivyo na maneno. Ikizidi, kata ikiwa bado karatasini.

Kuna maneno madogo yenye gharama kubwa. Ukiandika "kijiji kizima kinakusanyika", kila sura katika umati ule lazima ibuniwe na mtu. "Wanavuka Ruvuma kwa mtumbwi" ni maji yanayotembea, na maji ni magumu kuhuisha. Uwanja uleule ukiuandika usiku, mandhari yake inapakwa rangi upya. Kipindi kifupi kinatosheka na wahusika wanne na maeneo matatu. Ngoma inaweza kusikika nyuma ya ua wa makuti, nasi tukaona vumbi tu na mtoto aliyetega sikio.

Tuchukue mfano wa bibi anayechoma korosho uani. Mwandishi mchanga ataandika: "Asha anafikiria jinsi bibi anavyojituma." Fikra hiyo mchoraji ataichoraje? Au atampa Asha maneno: "Bibi, moshi mwingi unatoka!" Moshi tunauona wenyewe. Andika hivi: Moto unaruka juu ya karai. Asha anarudi nyuma hatua mbili, pindo la kanga puani. Bibi anamwaga korosho mchangani, anazifukia kwa kijiti kirefu. Hapo mhuishaji amepata kazi ya kufanya, na mtoto aliye mbele ya televisheni ameelewa kila kitu bila kuelezwa.

Lakini Asha asiwe ndiye mchomaji. Mafuta ya ganda la korosho huwaka kwa ghafla na huunguza ngozi, na watoto wadogo huiga wanachokiona. Skripti ya namna hiyo hurudishwa, na ni haki irudishwe. Mpe Asha kazi ya kuhesabu korosho zilizokwisha poa na kubanguliwa.

Hadithi Kusini zipo tele. Pale Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo baadhi yake imeunganishwa na kusimamishwa Berlin kuwa mnyama mzima, kimo chake zaidi ya mita 13. Ukimwandikia mnyama huyo, kumbuka wengi watatazama kwenye simu. Ukimwonyesha mzima, mtoto aliye kando yake anakuwa punje ya mchele, hata uso hauonekani. Anza na ukucha mmoja na uso wa mtoto, kisha panda polepole. Kuhusu jando, unyago na vinyago vya mapiko vinavyovaliwa katika ngoma za Wamakonde, waulize wazee kwanza. Si kila kinachojulikana kijijini ni cha kuonyeshwa watoto.

Fikiri kwa Kiswahili tangu kwenye wazo. Mistari iliyotafsiriwa huwa mirefu na mizito, na mwigizaji analazimika kuikimbiza.

Kuhusu haki, sheria ya hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, wala hailindi wazo tupu ulilolisimulia kibarazani. Ngano ya sungura na fisi ni ya wote. Skripti yako juu yao ni yako. Iweke tarehe, tunza nakala, na ukiweza isajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kabla ya kusaini mkataba, angalia mambo matatu: unalipwa kwa skripti au kwa mwezi, wahusika uliowabuni wanabaki kuwa wa nani, na jina lako litaonekana kwenye skrini au la.

Tunawaomba walimu wa Kiswahili wa mikoa hii miwili watenge vipindi viwili tu muhula ujao. Wanafunzi wachukue ngano moja waliyosikia nyumbani, waiandike kwa kurasa mbili kama skripti, wahusika watatu, mahali pamoja, na neno "anafikiri" lisionekane popote. Kisha wabadilishane karatasi, na kila mmoja achore, kwa michoro ya watu wa vijiti tu, alichokisoma kwa mwenzake. Mstari usiochoreka uandikwe upya.

Waandishi wa skripti,
Mikindani, Mtwara