Barua kwa mwanangu Swaleh, wa voisi noti ya dakika sita

Swaleh babangu,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima huko Mtwapa. Sisi huku Kisauni hatujambo, nyanyako tu magoti yamsumbua lakini leo asubuhi ameamka akaitisha chai ya rangi na mahamri mawili na bado akalalamika mbaazi hazikukolea nazi, kwa hivyo usiwe na wasiwasi, yuko sawa kabisa.

Ile voisi noti yako nimeisikiza mara tatu. Nilitaka nikujibu papo hapo nikaona ntaropokwa, halafu bando lenyewe lilikuwa laisha, nikasema ngoja nikande unga wa kesho kisha niandike polepole. Sasa ni saa tano usiku, unga umefunikwa, na mbu ndio wenzangu.

Wasema kura haina maana na wote ni wale wale. Sikukasirika wallahi. Kuna vitu nimekuficha mamako, si vya haramu, ni aibu tu, na hiyo noti yako imenifanya nione bora niviseme.

Lakini nianze na nyanyako manake nilimsikizisha ile noti akacheka mpaka akakohoa. Akasema mwambie huyo mtoto mimi kura yangu ilikuwa mgongo. Mwaka 1988, enzi za KANU, chama kikiwa kimoja tu nchini, kwenye ule mchujo wa chama hakukuwa na karatasi wala sanduku, mwasimama mlolongo nyuma ya mtu mumtakaye, mchana peupe, chifu yuwatazama na mwenye nyumba unayemlipa kodi pia yuwatazama. Na alopata zaidi ya asilimia 70 hapo hapo kwenye laini ashakuwa mshindi, hata uchaguzi wenyewe haji kupigiwa tena. Nyanyako asema laini yao ilizunguka mwembe ikarudi, ile nyengine ilikuwa ya watu wa kuhesabu kwa vidole, na ile ya vidole ndiyo ilotangazwa. Wakaenda nyumbani. Hakuna alouliza. Kwa hivyo wewe wa chumba chako na kalamu yako na kile kiboksi cha kadibodi hakuna akuonaye, mbele yake usimwambie kura haina maana, atakurushia kiatu na magoti yake mabovu hayohayo.

Haya, sasa yangu.

Wajua tulikuwa twakaa Likoni, ng'ambo ya feri, kabla baba yako hajafariki, Mungu amrehemu. Mimi Likoni ndiko nilikoanza kupiga kura. Mwaka 1997 nilikuwa kijana kama wewe, na tarehe 13 mwezi wa nane ule usiku kituo cha polisi kikavamiwa, ukaanza mchafuko ambao mpaka leo wazee wa kule wakiutaja hupunguza sauti. Watu wa bara wakafukuzwa majumbani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwako fundi cherehani, ndiye alonishonea nguo yangu ya kwanza ya Idi niliyoichagua mwenyewe, asubuhi tukaona mlango uko wazi na cherehani haiko. Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Disemba. Yeye alikuwa ameandikishwa pale pale Likoni na siku ile hakuwako, na wengi kama yeye hawakuwako. Nilipiga foleni nikawa nauangalia ule mlango wake kwa mbali. Sikuelewa wakati ule. Baadaye ndio nikaja kufahamu kwamba kura ni kitu cha mahali, ukimtoa mtu mahali pake umemtoa na kura yake, na waliofanya yale nadhani walilijua hilo vizuri kutushinda sisi.

Sasa yeye alitolewa kwa panga. Mimi nilijitoa mwenyewe kwa uvivu, ndo hiyo aibu niliyokwambia.

2013 ndio ule uchaguzi wa kwanza wa kaunti, tarehe 4 mwezi wa tatu, wewe ulikuwa mdogo nikakuacha kwa jirani. Nilifika kabla ya adhana ya alfajiri, mashine zikagoma ikabidi warudi kwa daftari la karatasi, nimetoka pale alasiri imeshaingia miguu imevimba. Karatasi sita! Tulizoea tatu, rais, mbunge na diwani. Sasa wapewa ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya MCA, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kila moja rangi yake na sanduku lake, mama mmoja mbele yangu akatia zote kwenye sanduku moja wakaanza kupiga kelele. Na mimi hiyo ya MCA, mwanangu, niliweka alama kwa mtu alonipa leso na mia mbili. Ndiyo. Leso ilichuja siku ya kwanza nilipoifua, ikatia rangi mpaka shuka zangu. Mia mbili ilikuwa mafuta ya taa na mkate. Hata sikujua MCA afanya kazi gani, nilidhani ni diwani tu kabadilishwa jina, na yule bwana kwenye kampeni alituahidi feri mpya, tukapiga vigelegele, kumbe feri haiko chini ya kaunti wala yeye hana hata msumari mmoja wa kugongomea pale kivukoni.

(Na kwa sheria tuliyonayo sasa anayepokea pia ana makosa, si anayetoa peke yake. Kwa hivyo wakikuletea leso ya mamako, waambie mamako anazo.)

Mwaka uliofuata tukahamia huku Kisauni. Godoro nilihamisha, kabati nilihamisha, hata ule mti wa mkilifi nilichukua mche wake. Kura sikuhamisha. 2017 nikavuka feri nikaenda kupiga Likoni, 2022 nikavuka tena, tarehe 9 mwezi wa nane, nikapewa karatasi tano. Ya gavana haikuwako, wasema zilichapishwa na kasoro, sisi Mombasa na wenzetu wa Kakamega tukaahirishiwa, mara tarehe 23, mara tarehe 29. Hiyo 29 ilipofika nilikuwa na oda ya viazi karai ya harusi. Kuvuka feri tena kwa karatasi moja? Nikasema wengine watapiga. Na kila mtu alisema hivyo hivyo, manake kaunti hii iliandikisha watu 641,913 mwaka ule, na hata kwenye ile kura ya rais yenyewe hatukufika nusu. Sasa hebu piga hesabu yako wewe mwenye diploma, hao wanaokaa nyumbani wakisema wote ni wale wale ndio chama kikubwa kuliko vyote hapa Mombasa, na hakina kiti hata kimoja.

Lakini kilichonichoma si hicho. Ni mtaro.

Wajua ule mtaro wetu wa nyuma ya msikiti. Mvua za mwezi wa tano uliziba na taka za sokoni, maji yakaingia mpaka chini ya kitanda cha nyanyako, majiko yangu yakalowa, siku nne sikuuza. Nikajifunga buibui nikaenda ofisi ya mheshimiwa wa wadi yetu, simtaji jina. Nikamkuta kijana msaidizi yuwachezea simu, mpole tu, akanipa kiti. Nimeeleza nimemaliza, akaniuliza, mama wewe umejiandikisha wapi? Nikasema Likoni. Akatabasamu. Hakusema kitu Swaleh, alitabasamu tu, akaandika jina langu kwenye karatasi ambayo naapa ilikuwa risiti ya supamaketi.

Si haki, najua. Mheshimiwa ni wa kila anayekaa pale, si wa waliompigia tu. Ningeweza kupiga kelele na nilipiga kidogo. Lakini njiani narudi nikawa najiuliza, miaka yote hii mimi nachagua mtu wa kuzibua mtaro wa Likoni, na hapa ninapolala nimewaachia wengine wanichagulie.

Na huyo MCA usimdharau ukadhani mambo yote ni rais. Wewe kwenye noti umetaja rais mara kumi na moja (nilihesabu) na vitu vingi ulivyolalamikia havimhusu. Taka, mitaro, barabara za ndani, soko, zahanati, chekechea, maji ya bomba, hayo ni ya kaunti, na bajeti yake haipiti bila wale waheshimiwa wa bunge la kaunti kunyoosha mkono. Pale Mombasa wa kuchaguliwa ni 30. Wadi 30, na Kisauni pekee ina saba. Polisi si wao, shule za upili si wao, kwa hivyo akija mmoja kukuahidi kituo cha polisi mpe maji anywe aende. Halafu hiki nimekijua juzi tu, chumba kimoja cha kupigia kura hakiruhusiwi kuzidi watu 700. Mia saba! Harusi ya binamu yako ilikuwa na watu zaidi ya hao. Ukitoa wa oda za viazi karai kama mimi, wanaobaki unaweza kuwasalimia mmoja mmoja. Na wakishahesabu hapo hapo chumbani fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni, wenda na tochi wajisomea.

Sasa wewe uandikishwe wapi, hapo ndipo pagumu na nataka ufikiri, usifanye kwa kunifurahisha. Mtwapa ni kuvuka daraja tu lakini ushaingia kaunti ya Kilifi, gavana mwengine, MCA mwengine. Roho yangu yataka ujiandikishe huku nyumbani. Lakini roho yangu pia ilinipeleka Likoni mara mbili bure. Kama utakaa Mtwapa miaka mitatu minne na kazi ni huko, basi taka za Mtwapa ndizo taka zako, jiandikishe huko, sintanuna. (Ntanuna siku mbili.) Kama chumba ni cha muda, hapa nyumbani. Siku ya kura matatu zenyewe waziona zinavyopandisha nauli, mtu husema aa, ntapiga mwaka mwengine. Na hiyo safari yako ya Qatar, inshallah ikiwa, jua kwamba 2022 Wakenya wa kule walipiga, lakini ya rais peke yake. MCA hapigiwi na mtu aliye Doha.

Kujiandikisha kwenyewe ni kitu cha dakika chache. Wenda ofisi ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, ya eneo bunge siku za kazi, au wakati wakizunguka mitaani wawangoje shuleni. Wachukuliwa alama za vidole na picha, wachagua kituo, hulipi hata ndururu. Mwenye kukuomba pesa ni mwizi. Wataka kitambulisho chenyewe, si fotokopi, wala si ile picha uliyoweka kwa simu, wala ile karatasi ya kusubiria. Pasipoti pia yakubalika lakini utakachojiandikisha nacho ndicho utakachoenda kupigia kura, kwa hivyo usitumie pasipoti halafu ukawa umempa wakala wa Qatar. Na usijiandikishe mara mbili, huku na huko, ni makosa.

Najua kitambulisho ndicho kilichokutia uchungu. Miezi ile yote wanatuzungusha, leta cheti cha baba, leta cha babu, babu alizaliwa chini ya mnazi mwaka hakuna ajuaye, wale wazee wakukodolea macho kama umekuja kuiba nchi, na wenzako wa majina mengine wanaingia na kutoka. Nilikuona ulivyonyamaza siku ile kwenye matatu. Wasema nchi yenyewe hainitaki mimi nitaipigia kura ya nini. Hilo sina jibu lake babangu. Nilikitafuta usiku kucha hicho cha kukujibu sikukipata. Ila kile kipande tulikipigania mimi na wewe, na sipendi kukiona kimelala.

Kiko kwa lile bati la biskuti juu ya kabati, pamoja na cheti chako cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Uliacha siku ya Idi. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, 2027 yaangukia tarehe 10, na daftari hufungwa mapema kabla ya hapo, watu wote hukumbuka wiki ya mwisho. Njoo Alhamisi jioni ulale hapa. Ukiamua Mtwapa, chukua kitambulisho chako uende nacho. Ukiamua hapa, Ijumaa asubuhi twende wote kabla ya swala. Mimi naenda hata ukikataa, naenda kujaza ile fomu ya kuhama kutoka Likoni, ila ile ngazi ya ofisi sipendi kuipanda peke yangu.

Na uje na sufuria yangu ya samaki.

Mamako