Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Babu Aliyekuwa Manowarini

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mwaka huu, katika kazi yetu ya kutafuta habari za mababu, karibu nguvu zetu zote ziliishia kwa mtu mmoja: babu wa mwenzetu wa Malindi hapa Unguja, ambaye kwao husemwa "alikuwa manowarini". Mkutano uliopita niliyapuuza maneno hayo, maana nyumba gani mjini haina babu wa manowarini? Kwa hilo naomba radhi.

Kosa letu lilikuwa kutafuta jina. Manowari za Waingereza zilipoajiri watu wetu ziliwaandika "Seedie", yaani baharia Mwafrika, na wengi wakapachikwa Jack au Tom, kisha jina la kitu, chupa au kamba. Sasa mtafute Juma wako humo! Ndipo tukaacha jina, tukatafuta chombo. Marehemu bibi yake mwenzetu, binti wa babu huyo, alikuwa akisema meli ya baba yake "haiendi popote". Tulicheka, mpaka mmoja wetu akaitaja HMS London, manowari kuukuu iliyotia nanga Unguja tangu miaka ya 1870 hadi 1883, mashua zake zikitoka kusaka majahazi ya watumwa.

Tukaingia magazetini. Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akikagua jahazi lenye bendera ya Kifaransa. Kurasa tulizosoma zinamlilia yeye. Watu wetu hawana hata mstari.

Kilichotuvusha kilikuwa ndani ya sanduku la njumu la bibi, chini ya kanga: karatasi iliyoliwa na mchwa. Zimebaki herufi "ndon", neno "Seedie", na "Jack". Jack nani, mchwa ndio wanajua.

Zilizobaki ni daftari za meli, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, jijini London. Wakala tuliyemlipa alituletea kurasa za meli nyingine kabisa, na fedha hazikurudi. Mhazini atalieleza hilo, mimi bado nina hasira. Safari hii tutaomba wenyewe, kwa jina la meli na mwaka.

Wenye mababu wa miaka ya baadaye wasikae bure. Gazeti la serikali ya Unguja lilianza 1892, na Nyumba ya Nyaraka pale Kilimani ni mwendo wa daladala tu. Tarehe za Kiislamu zileteni kama zilivyosemwa nyumbani. Msizigeuze kwa kukisia.

Na karatasi kuukuu msizitie nailoni ya moto. Zileteni hivyo hivyo, na vumbi lake.