Mzigo Usiolala

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Manka,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na baba yako nikamsomea tulipotoka kanisani. Tumefurahi kwamba mafunzo ya uuguzi yanakwenda vizuri na kwamba baridi ya Tübingen, huko Ujerumani, umeanza kuizoea. Lakini pale ulipoandika kuwa hela inakata kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu wenzako unaoishi nao wamekuambia Aldi na Lidl ni maduka ya watu wasio na kitu na chakula chake ni cha ovyo, nimeona niyaache mengine yote nikujibu hilo. Wewe ni mtoto wa muuza nafaka. Umekulia soko la Mbuyuni katikati ya magunia, mchele unaujua kwa kuutafuna na unga kwa kuunusa. Sioni kwa nini uambiwe na mtu chakula kizuri ni kipi wakati macho unayo.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na sokoni kwetu nimeyaona maneno hayo yakitimia mara nyingi. Mchele ukiukuta bei ya chini kuliko wa kibanda cha jirani, una chenga, au una mawe, au ni wa zamani uliochanganywa na mpya ili harufu ya mpya iufunike. Bei imeshuka kwa kuwa kuna kitu kimepungua ndani ya gunia. Upo lakini urahisi wa namna nyingine, na huo hata mimi nautafuta kila nikifungua kibanda: bei inashuka kwa sababu mzigo haulali. Maharage ya njano yakiingia leo na wiki ijayo yakawa yamekwisha, naweza kuchukua faida ndogo sana kwenye kila kilo na bado tukala. Yakikaa miezi, nalipia stoo, namlipa mlinzi, natia dawa ya wadudu, na gharama yote hiyo inapanda juu ya bei. Mteja wa mwisho ndiye anayetoa hela nyingi zaidi kwa maharage yaliyochakaa zaidi. Hilo ulikuwa ukiliona toka unavaa sare ya shule ya msingi.

Aldi imejengwa juu ya jambo hilohilo. Ilianza na duka dogo la familia ya Albrecht huko Essen mwaka 1913, likiendeshwa na mama, Anna. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanawe Karl na Theo wakalichukua. Nchi ilikuwa imebomoka, watu hawana fedha, nao wakaamua kuweka bidhaa chache tu wanazojua zitatoka. Mwaka 1961 ndugu hao wakagawana maduka, kwa kutoelewana kama wauze sigara au wasiuze, ndiyo maana mpaka leo kuna Aldi Nord ya kaskazini na Aldi Süd ya kusini. Wewe uko upande wa Süd. Lidl ilifuata njia hiyohiyo, ikafungua duka lake la kwanza Ludwigshafen mwaka 1973, na makao yake makuu yako Neckarsulm, jimbo hilohilo unaloishi.

Sasa ukiingia humo, tazama kwa jicho la Mbuyuni. Katoni zimechanwa upande wa mbele tu na kusukumwa kwenye rafu kama zilivyoshuka kwenye lori. Hakuna mtu anayelipwa kupanga kopo mojamoja. Duka zima lina bidhaa kama 2,000 hivi, wakati supermaketi kubwa unayokwenda wewe inaweza kuwa na zaidi ya 20,000. Badala ya aina kumi na tano za nyanya za kopo zipo mbili tatu, kwa hiyo kiwanda kinapewa oda kubwa mno ya kitu kimoja, na oda kubwa ndiyo inayovunja bei. Toroli unaifungua kwa sarafu yako na kuirudisha mwenyewe, basi hahitajiki kijana wa kuzikusanya uwanjani. Nilipokuwa huko miaka ya 1990 kwa mpango wa kanisa, keshia hakuwa hata na mashine ya kusoma mistari ya pakiti. Alikuwa amekariri duka zima kichwani, anazipiga namba kwa vidole huku macho yako kwenye mkanda, na mimi nilikuwa bado natafuta pochi yeye ameshamaliza. Siku hizi mashine wanazo, na hiyo mistari inachapwa mirefu na kwenye pande kadhaa za pakiti ili keshia asipoteze muda kuigeuzageuza. Akiba yote hiyo imetoka kwenye kazi, nafasi na muda. Kwenye chakula chenyewe haijagusa.

Na bidhaa isiyolala ni mbichi. Hapa Moshi tumeona supermaketi zikija na taa na viyoyozi, rafu zimejaa jamu za nchi saba, kisha ukigeuza kopo unakuta vumbi na tarehe inakaribia. Zikafungwa. Wingi wa vitu rafuni ulikuwa mzuri kwa macho, ila vilikuwa vimelala.

Usiniamini kwa maneno matupu, nenda kapime. Chukua pakiti ya maziwa ya bei ndogo na ile ya jina kubwa, tafuta alama ndogo ya duara la yai. Ndani utaona DE, kisha herufi za jimbo, kwako mara nyingi BW ya Baden-Württemberg, jimbo lako, au BY ya Bavaria, kisha namba. Hiyo ndiyo namba ya kiwanda kilichosindika au kufungasha maziwa hayo. Zikilingana, maziwa yametoka kwenye mlango mmoja. Haina maana kwamba lazima yawe sawa kwa kila kitu, kwa sababu kiwanda kinaweza kutengeneza kwa maelekezo tofauti, lakini hadithi ya kwamba maziwa ya Aldi yanatoka mahali pa ovyo inaishia hapo. Jibini, mtindi na soseji zina alama hiyo pia. Tena Wajerumani wana taasisi yao ya Stiftung Warentest, ipo tangu mwaka 1964, inanunua bidhaa dukani kimyakimya kama mteja yeyote na kuzipima maabara. Mara nyingi mafuta, siagi au tambi za maduka haya ya bei nafuu hupata alama nzuri sawa na za majina makubwa, na nyakati nyingine huzipita. Waambie wenzako wakasome.

Kuna jambo moja linanihusu sana, nalo ni kipimo. Unaikumbuka ile sado iliyobonyezwa kitako kwa ndani? Ukiitazama kwa juu imejaa mpaka inafanya kichuguu, ukiimimina kwenye mzani inakosa robo kilo. Huko nako wanabonyeza kitako, ila kwa ustaarabu: pakiti inabaki na ukubwa uleule, bei ileile, gramu zinapungua. Dawa yake imeandikwa kwenye kibandiko cha rafuni, kwa maandishi madogo chini ya bei kubwa. Inaitwa Grundpreis, yaani bei ya kilo moja au lita moja, na sheria inawalazimisha kuiandika. Soma hiyo kwanza, bei kubwa isome baadaye. Utashangaa kuona mara nyingine pakiti kubwa iliyoandikwa ofa ni ghali kwa kilo kuliko ndogo iliyo kando yake. Mimi hapa ningelipa fedha sheria hiyo ije Mbuyuni.

Tarehe pia zinachanganya wageni. Palipoandikwa Mindestens haltbar bis, mtengenezaji anaahidi ubora mpaka siku hiyo; mchele, tambi au mtindi havigeuki sumu kesho yake. Fungua, nusa, onja, na vilivyokaribia tarehe mara nyingi wanavishusha bei. Lakini Zu verbrauchen bis, yaani mwisho wa kutumia, unayoiona kwenye nyama ya kusaga na kuku mbichi, hiyo usicheze nayo hata kama pua inakuambia ni salama. Wewe ni muuguzi mtarajiwa, sababu unaijua kuliko mimi.

Umeniuliza chapati kwa nini zinakuwa ngumu. Bila shaka umechukua unga wowote uliokuwa mbele. Unga wao wa ngano una namba: 405, 550, 1050. Namba hiyo ni miligramu za madini zinazobaki gramu 100 za unga zikichomwa, kwa hiyo kadiri inavyopanda ndivyo ganda la ngano lilivyobaki kwa wingi, kama ambavyo hapa tuna sembe na dona. 405 ni laini, wa keki. 1050 ni mweusi kidogo, wa mkate mzito. Kwa chapati na maandazi tafuta 550, kanda na maji ya moto na mafuta kidogo, ufunike nusu saa kabla ya kusukuma. Kwenye maduka ya bei nafuu 405 ndio unaojaa rafuni, lakini 550 nao upo, inama uangalie rafu ya chini. Unga wa ugali usihangaike nao humo. Ule wa mahindi ya njano wanaouuza ni chenga za kupikia chakula cha Kiitaliano, ukisongea utapata kitu cha kukusononesha. Nenda duka la Waafrika. Bamia, giligilani na maharage makavu nenda kwa Waturuki, mboga zao unachagua kwa mkono, wakati mboga za Aldi nyingi zimefungwa kwenye nailoni na huwezi kubonyeza nyanya. Hapo nawapa alama ndogo, sitaki kuwasifu kwa lisilostahili.

Nyama inahitaji maneno zaidi. Pakiti nyingi zina alama ya Haltungsform, yaani namna mnyama alivyofugwa, yenye ngazi kuanzia 1 mpaka 5. Namba 1 ni mnyama aliyefungiwa bandani maisha yake yote, na ndiyo yenye bei ya kutupa. Mayai nayo yana namba iliyopigwa muhuri kwenye ganda: 0 ni ya ufugaji wa kiasili, 1 ni kuku anayetoka nje, 2 ni wa bandani. Hapa urahisi haukutokana na mzigo kutoka haraka. Umekatwa kwenye uhai wa mnyama. Bibi yako hajawahi kula kuku asiyekanyaga udongo. Ningependa ule nyama mara chache na iwe ya namba ya juu, siku nyingine upike dengu na maharage, vitu ambavyo maduka hayohayo yanauza kwa bei ambayo hata mimi nisingeweza kushindana nayo.

Halafu kahawa. Mwanangu, hapa naomba unisikilize kama mtoto wa Kibosho. Huko kodi ya serikali inaanza kula kabla mkulima hajatajwa: Ujerumani inatoza kodi ya kahawa euro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa. Kwenye pakiti ya nusu kilo hiyo ni karibu euro 1.10, bado kodi ya mauzo asilimia 7, bado meli, bado mkaangaji, bado duka. Pakiti hiyo ikiwa ya bei ya chini kabisa, toa hesabu uone kinachobaki kwa aliyepanda. Umemwona bibi akichuma kahawa punje kwa punje, zile nyekundu tu, vidole vinanata utomvu. Umemwona akizimenya, kuziosha, kuzianika kwenye chekeche na kukimbia kuzifunika mvua ikigonga mabati. Babu yako alikuwa mwanachama wa KNCU, chama cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933 ili wakulima wa mlimani wasipangiwe bei mmojammoja. Kwa hiyo kwenye rafu ya kahawa usitafute bei ya chini. Aldi na Lidl wenyewe wanauza yenye alama ya Fairtrade, yaani biashara ya haki kwa mkulima, inazidi kidogo tu. Ulichookoa kwenye maziwa na unga, kitoe pale.

Na ule mstari wa katikati wenye majaketi, mashine za juisi, sufuria na taa za bustani, unaobadilishwa Jumatatu na Alhamisi, uupite. Vile si chakula, na wamevipanga hapo ili aliyeingia kununua mkate atoke na drili. Chupa tupu za plastiki usizitupe, nyingi zina senti 25 za kurudishiwa. Na fanya manunuzi Jumamosi, maana Jumapili utakuta wamefunga na utaishia kula mikate ya stesheni kwa bei ya ajabu.

Ubebe mfuko wa duka lile mbele ya wenzako bila kuinamisha kichwa. Hela ni yako na umeifanyia kazi ya kugeuza wagonjwa usiku.

Kuna mama wa usharika wetu anasafiri kwenda Stuttgart mwishoni mwa mwezi, amekubali kubeba mzigo kidogo. Nimeshatenga unga wa sembe na dagaa waliochambuliwa. Nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa uniambie kama unataka na mchele, nikuchagulie mwenyewe, na kama bibi akukaangie kahawa.

Mama yako