Grese ya moteri, tusikilizane

Bandugu na badada, jambo. Wenye muko na mashini ya kusaga hapa Goma, tafazali musijaze grese kwa moteri mukifikiri ndiyo kuitunza, grese ikizidi, ruloma (beringi yenye kushika ekseli ya moteri ikizunguka) inapata moto na grese ingine inaingia mu bobinaji (waya zenye kuzungushwa ndani ya moteri). Ijaze nusu ya nafasi ya ruloma, hata chini ya hapo. Ruloma zenye kufungwa pande zote mbili, zenye kuandikwa ZZ ao 2RS, haziongezewe kitu, zinabadilishwa. Na grese ya litium usichanganye na ya poliurea, kabisa. Mbele ya yote kata umeme, pangusa ile vumbi yetu ya volkano, fungua kizibo ya chini, grese ya zamani itoke. Siku ya posho muje na ruloma zenye kuharibika tuziangalie pamoja.