Barua kwa Mwanangu: Mkifika Kidichi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu, na bibi yako anauliza kila siku kama huko unakula.

Ujumbe wako nimeupata. Unakuja Julai na wenzako wawili wa chuo, na hamtaki kushinda pwani tu, mnataka siku moja ya kutembea kwa miguu. Basi wapeleke Kidichi, kule shamba juu ya Bububu. Julai masika yameshapita, ni kipupwe, njia za shamba haziteleziki.

Msikodi gari la watalii. Hilo litawashusha mlangoni, mpigwe picha, muuziwe vanila, mrudishwe mjini. Pandeni daladala ya 502 mjini asubuhi na mapema, mshuke Bububu, mshike njia inayopanda kuelekea mashariki. Mwanzo ni nyumba, maduka na bodaboda, pakazeni mwendo. Baadaye minazi inaanza kuchanganyika na mifenesi, mishokishoki na midoriani, halafu inakuja mikarafuu. Wenzako wakitaka kunusa jani la mdalasini, pigeni hodi kwanza. Kila mti pale una mwenyewe, hata usipomwona.

Kidichi ilikuwa nyumba ya shamba ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wakubwa wa zama zile walikuwa na nyumba mjini, na nyingine shamba za kupumzikia. Hii inatajwa kwa jina la mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, anayejulikana zaidi kama Sheherzade, mjukuu wa Shah, mfalme wa Uajemi. Nyumba yenyewe haipo tena. Lililobaki ni hamamu lake, yaani nyumba ya kuogea, la mwaka 1850, jengo jeupe lenye makuba, fupi kuliko watu wanavyolitarajia. Waambie wenzako mapema wasije wakavunjika moyo.

Ingieni, msubiri macho yazoee kiza, kisha inueni vichwa. Kuta zimepambwa kwa nakshi za chokaa: maua, mitende, na ndege. Hao ndege ndio wa kutazamwa sana. Sayyid alikuwa Muislamu wa madhehebu ya Ibadhi, na majengo ya Kiibadhi hayana mazoea ya kuchora viumbe wenye roho. Huyu mke alikuja na ladha ya kwao, na mume akamwachia. Unyevu umeshaingia, ukungu umepanda kwenye nakshi, na pahala pengine mdomo wa ndege umeliwa na chokaa mpya iliyopakwa bila uangalifu. Mimi roho iliniuma.

Mtembezaji atawapa hadithi ya mapenzi, jinsi mfalme alivyomjengea malkia hamamu ili akirudi kuwinda apate kuoga. Kuwinda na kupanda farasi ni kweli huyo mke alikupenda. Bibi Salme, binti wa Sayyid, ameyaandika hayo, na ameandika pia kwamba mwishowe yule mama alipewa talaka akarudi kwao Uajemi, hana mtoto. Hiyo sehemu ya talaka watembezaji huiruka.

Wanaruka na jengine. Hamamu linataka maji ya moto, na maji ya moto yanataka kuni. Nani alizikata? Mkitoka hapo endeleeni mpaka Kizimbani, kuna hamamu jingine, kavu, halina pambo hata moja. Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa mwanzo palipopandwa karafuu Unguja, na Sayyid alipoona faida yake kisiwa kikajaa mikarafuu. Waliofyeka, wakapanda na kuchuma ni watumwa, wengi wameletwa kutoka bara, pande za Ziwa Nyasa. Majina yao hayamo kwenye ukuta wowote. Soko la watumwa la mjini lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Waeleze hayo wenzako pale pale chini ya mikarafuu, usingoje kurudi hotelini. Waeleze pia kimbunga cha 1872, kilichoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilinusurika, ndiyo maana mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba.

Kurudi, piteni msitu wa Masingini. Ni hifadhi, kwa hiyo lazima muingie kwa ruhusa na mtu wa msitu. Miti ile ndiyo inayokinga vyanzo vya maji ya mjini, na Sayyid Barghash, mtoto wa Sayyid Said aliyetawala baadaye, alipowavutia watu wa mji maji kwa mabomba, aliyatoa upande huo huo, kwenye chemchemi ya Bububu. Kuna baridi nzuri. Kima mtawasikia juu kabla ya kuwaona. Msiwape chakula, hata wakiomba kwa adabu.

Chukueni maji, kofia, na viatu vilivyofunika vidole, maana siafu wa Masingini hawachagui mgeni. Wewe najua utakuja na makubadhi.

Kabla hujaondoka huko Hamburg, pata siku moja uende makaburi ya Ohlsdorf. Bibi Salme amezikwa huko. Alizaliwa Mtoni 1844, akaondoka Unguja 1866, akafariki Ujerumani 1924. Msomee Fatiha. Najua alibadili dini, na ami yako atabisha, lakini mimi nimekuambia umsomee.

Niandikie tarehe ya ndege, na kama wenzako wanakula pweza.

Mama yako